Asidi ya Chungu

Chungu ni mdudu, chungu ni cha kupikia,
na kitu chungu hukunjisha uso. Lugha yetu
haikuhangaika kutafuta neno la tatu.
Hii iliyo kwenye chupa ya kahawia
ni ya yule mdudu: zamani walimkamua
yeye na ukoo wake mzima, wakapata tone
linalowasha kama tulivyowashwa mimi nawe, Muhatia,
siku tulipokanyaga msafara wao nyuma ya choo
tukavua nguo mbele ya wageni wa baba.

Leo Jumanne, maabara ya Maseno.
Dirisha la pili halifungi.
Mimi ndiye niliyemwomba fundi asiliguse.

Nimepaka wino mweusi kwenye ncha ya elektrodi,
duara dogo kuliko kifungo cha shati la mtoto,
na ndani ya wino mna punje za platini:
zipange elfu kumi, bega kwa bega,
hazitavuka upana wa unywele mmoja.
Natumbukiza. Nawasha.

Mstari unapanda kwenye skrini
kama barabara ya kwenda Vihiga.
Kila molekuli inayogusa metali
inavuliwa haidrojeni zake mbili,
inaacha umeme wake mlangoni
na kuondoka ikiwa hewa ya soda.
Napiga makofi peke yangu.

Dakika kumi na mbili.
Kisha mstari unainama.

Kuna njia ya pili, asema Daktari Ombajo
(yuko nje ya mlango, na karanga zake):
molekuli nyingine hudondosha maji kwanza,
na kinachobaki hukaa juu ya platini.
Hakibishi hodi, hakiagi.
Monoksidi ya kaboni.

Jina hilo sikulijua kwa kitabu.
Lilikuwa kwenye karatasi ya hospitali, Njoro,
Julai, kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino.
Ulitoka lindoni alfajiri, mikono imekufa ganzi,
ukaingiza jiko chumbani,
ukaziba mwanya wa chini ya mlango
kwa koti la kazi.
Mama aliuliza swali moja tu: alikuwa na njaa?
Wakamwambia hapana, mama. Alikuwa na baridi.

Damu ina chuma. Gesi ilikikalia.
Pumzi ikaja, ikakuta viti vyote vina watu.

Miezi minane nimeitazama sumu hiyo hiyo
ikikalia metali ya bei kuliko ng'ombe wa baba,
na siku nyingine, Muhatia, nikaichukia elektrodi
kana kwamba ni yenyewe iliyofunga mlango.

“Tia dhahabu,” asema Ombajo.
Dhahabu imekuja kwa ndege, chumvi ya manjano,
kichupa kama cha dawa ya macho,
na mama yuko Ikolomani sasa hivi,
magoti ndani ya tope, anazungusha karai.

Kumbe sumu ili izaliwe
inataka viti vitatu vinavyogusana.
Kazi njema hutosheka na kimoja.
Ukipenyeza dhahabu katikati ya platini
hujamfukuza mtu: umetenganisha viti tu.

Natumbukiza tena. Mstari unapanda,
si juu sana, kilima cha wastani,
na unabaki huko. Nakunywa maji. Unabaki.
Nahesabu mabati ya bweni lililo mkabala. Unabaki.
Saa mbili na robo,
kisha stima ikapotea chuo kizima
na sitajua ungeinama lini.

Nikampigia mama gizani.
“Hiyo mashine yako, inapika?”
“Haijawasha hata balbu, mama.”
“Mimi nimepata punje mbili.”
“Kubwa?”
Akacheka. Maji yakasikika kwenye karai.
“Na huko ndani,” akauliza,
“mnafungua madirisha?”